Nani Ashike Ndama

Siku ya kuniaga, wenzangu wa lycée, shule yetu ya sekondari, walinisifu mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine amesimama. Mmoja alisema mimi ndiye mama wa roboti wa Masisi. Mwingine akasema tangu mwanamke aingie katika klabu ya roboti, wasichana wameamka. Nilikuwa nimevaa blauzi ambayo nitaieleza mwishoni. Nilikunywa fanta yangu, nikanyamaza, maana mtu akikutwika sifa huku sahani ya nyama iko mbele yako, humkatizi. Sasa niko nyumbani, nyama imekwisha kuliwa, na ninyi walimu vijana mnaobaki mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi. Basi acheni niandike ilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa kushona, couture kama tunavyoita, ndiyo maana naitwa Mama Couture. Nilianza kazi Ntoto, huko Walikale, katika shule iliyokuwa na darasa la kushona lakini haina cherehani. Cherehani ilikuwa njiani, mgongoni mwa mtu, na njia ilikuwa ya tope. Mimi nilifika kabla yake. Wiki ya kwanza nilifundisha nikikanyaga hewa, miguu juu na chini, mikono ikisukuma kitambaa kisichokuwapo chini ya sindano isiyokuwapo, na wasichana wananitazama kwa heshima kubwa. Mmoja alikwenda kumwambia mama yake kwamba mwalimu mpya ana ugonjwa wa miguu. Mama akaniletea majani ya kuchemsha. Niliyanywa, kwa adabu.

Aliyenifunza kazi ni Mama Veronika, mwalimu aliyekuwa karibu kustaafu kama mimi sasa. Alikuwa na neno lake moja: "Mikono ya mwalimu njo kitabu ya mwanafunzi," yaani ndiyo kitabu chake. Nililipenda neno hilo kwa sababu nilikuwa na mikono mizuri, na vitabu hatukuwa navyo. Nilihama nalo kutoka Ntoto, nikalibeba mpaka Masisi.

Masisi nilipewa chumba chenye madirisha makubwa upande wa vilima. Chumba hicho nilikipenda kupita kiasi. Ukungu ukiondoka asubuhi unaona ng'ombe wametawanyika kwenye majani, na ndani cherehani zangu zimepangwa mstari mmoja. Kwa kuwa kule ni baridi, niliongeza somo la kufuma masweta ya sufu. Kila mwisho wa mwaka tulifanya maonyesho ya nguo, exposition tuliyoiita, na wazazi waligeuza geuza magauni ya mabinti zao wakitafuta kosa la mshono, wasilione. Nilikuwa napita katikati yao nikijifanya sina habari.

Kisha zikaja roboti. Mradi mmoja wa Goma ulileta makatoni: moteri ndogo, nyaya, betri na kompyuta mbili, kwa ajili ya klabu ya wasichana. Chumba chenye mwanga mzuri na soketi nyingi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa changu. Cherehani zangu zikahamishiwa depo, stoo ya shule, kukaa na magunia ya maharage ya kantini. Nilikuwa nakwenda kuzitazama mchana kama mtu anayekwenda kumwona ndugu yake gerezani.

Klabu alipewa mwalimu wa umeme. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelikumbuka, sote tulimwita Papa Volti. Alikuwa mtu mwema, na mikono yake ilikuwa ya ajabu. Redio iliyokufa ikimwona tu inaanza kuimba. Mwaka wa kwanza alipeleka wasichana watano kwenye mashindano ya Goma, na roboti yao ilikuwa nzuri kuliko zote. Majaji wakauliza ni nani aliyeunganisha nyaya. Wasichana wote watano wakageuka kumtazama Papa Volti, aliyesimama nyuma ya kamba pamoja na walimu wengine. Halafu roboti ikapinda kushoto badala ya kwenda mbele, nao wakakunja mikono wakimngoja aje. Sheria haikumruhusu. Roboti iligonga ukuta, ikaendelea kuugonga mpaka betri ikachoka.

Mwaka uliofuata ukaja ujumbe kwa Mama Prefe, mkuu wa shule yetu: kila timu ya wasichana lazima iwe na mlezi mwanamke. Walimu wanawake shuleni tulikuwa wawili, mimi na Sista wa dini, na Sista alikuwa amekwisha kusema kwamba umeme humpiga hata kupitia swichi. Nikaitwa ofisini.

"Mama Couture, weye njo utakuwa encadreuse ya robotique."

"Mama Prefe, mi sijue kitu. Hata télé ya kwangu inawashwaka na batoto."

"Haiko shida. Weye iko mwanamuke."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuingia katika kazi ya roboti, nami niliupita tangu kuzaliwa. Mama Prefe akaongeza kwamba tukiaibika tena kama mwaka uliopita, klabu itafungwa na chumba kitarudi kwa kushona. Niliposikia hivyo nilikubali haraka kuliko inavyostahili mtu mzima. Nilijiambia kwamba nikiwa mimi ndiye mlezi, cherehani zangu zitatoka kwenye maharage kabla ya Pasaka.

Papa Volti alinipokea vizuri. Aliniambia, "Mama, kesho tutaanzia ku feri." Sasa kwetu sisi washonaji feri ni pasi, haina maana nyingine. Kesho yake nikavuka uwanja wa shule na pasi yangu ya makaa, makaa yamekwisha kuwaka, moshi unanifuata. Nilidhani pengine roboti huvalishwa kitu. Kumbe feri ya Papa Volti ni kijiti cha chuma chenye ncha ya moto, kidogo kama kalamu, cha kuunganishia nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Aliitazama pasi yangu, akatazama waya wake uliokuwa mwembamba kama unywele.

"Mama, na hii tutachoma nini? Mbuzi?"

Tangu siku hiyo wasichana waliniita Mama Feri, wakidhani siwasikii.

Majuma ya kwanza nilikaa kwenye kiti changu pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba ya arusi. Niliona kazi inavyokwenda. Papa Volti alikuwa katikati ya meza, na wasichana wamemzunguka. Riziki, binti wa wakulima wa maharage, mtoto mwenye maneno kuliko redio, alishika tochi. Wengine watatu walishika sanduku la vyombo, bunda la nyaya na kompyuta. Solange, aliyetoka kwa wafugaji wa mlimani na asiyesema mpaka aulizwe mara mbili, alishika roboti yenyewe isitetemeke. Papa Volti alinyoosha mkono bila kuinua macho, akasema, "Nishikiye kidogo." Wakashika. "Lete." Wakaleta. Nilivutiwa sana na nidhamu hiyo. Niliona darasa linalofanana na langu.

Sitasema kwamba mwanamke hakufaa kitu. Riziki alikuwa hakosi kukosa siku kadhaa kila mwezi, na Papa Volti aliuita uvivu. Mimi sababu aliniambia kwa sentensi moja, akiangalia chini. Nikaingia depo, nikaitoa cherehani moja kwenye maharage, nikamshonea vitambaa vya kutosha, yeye na wenzake. Papa Volti alishangaa jinsi ule uvivu ulivyopona. Sikumweleza dawa. Wazazi nao walitulia moyo waliposikia kuna mama katika safari ya Goma, isipokuwa mmoja, baba yake Solange. Nikatumwa kwenda kumwona.

Nilipanda kilima Jumamosi, nikafika nimelowa jasho na tope mpaka magotini. Papa Solange alikuwa anakama. Alikaa kwenye kigoda kidogo, chombo cha maziwa kati ya magoti, na Solange amesimama mbele ya ng'ombe akimshika ndama kwa kamba fupi, ili ng'ombe amwone mwanawe na aendelee kuachia maziwa. Ndama anavuta, Solange anavuta. Nilipewa maziwa ya kunywa, nikasema la kusema ili mazungumzo yaanze.

"Papa, na Solange anajua kukama?"

"Mama, kwetu mwanamuke hakamaki. Anashikaka ndama."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida, na kweli lilikuwa la kawaida. Kisha nikaeleza habari ya Goma. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kukama.

"Mwaka ilipita alienda. Akarudia hapa. Nikamuuliza, Solange, ulifanya nini kule? Akaniambia, Papa, nilishika. Nikamuuliza, ulishika nini? Ati roboti." Aligeuka kunitazama. "Sasa Mama, kama ni kazi ya kushika, ndama iko hapa."

Nilikunywa maziwa yangu. Yeye akaendelea.

"Nitamuacha aende tena mara moja. Anataka eti akamalize masomo ku Goma, asome umeme. Kama atarudia aniambiye tena ya kushika, basi, ile umeme tutaisahau. Abakiye hapa atusaidiye."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga nani alale wapi wageni wakija. Ndiyo maana niliogopa, kwa sababu mtu mkali hubadilika akipoa, na huyu alikuwa amekwisha kupoa.

Solange alinisindikiza mpaka njiani. Huko akasema bila kuulizwa hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama Prof, Papa hakudanganya. Ku klabu pia njo vile. Papa Volti anakama, siye tunashika ndama."

Nilipokuwa nashuka ule mlima nilikuwa sikitaki tena chumba changu. Hapana, nasema uongo: nilikitaka bado, lakini nilitaka zaidi yule mtoto aende Goma kusoma.

Jumatatu nilimwambia Papa Volti yote. Ninyi mnaomjua mnajua alivyo. Aliumia kweli, akajilaumu, akaahidi mbele ya Mungu kwamba hatagusa tena kitu. Muda haujapita, waya mmoja ukachomoka, na mkono wake ukaondoka bila kumwomba kichwa ruhusa. "Nishikiye kidogo tu, mara moja." Nikamkumbusha. Akaweka mikono mifukoni. Ikatoka. Akaikalia. Ikatoka. Alikuwa kama mtu mwenye pepo, tena anajua ana pepo na anaomba radhi kila linapopanda.

Hapo ndipo ujuzi wangu wa kushona uliingia katika roboti kwa mara ya kwanza. Sufu yetu hununuliwa ikiwa imezungushwa duara refu, na kabla ya kufuma lazima mtu mmoja aishike kwa mikono miwili iliyonyooshwa mbele, mwingine aikunje iwe mpira. Nilikuja na sufu ya kahawia, nikamsogelea Papa Volti kwa sauti ya upole.

"Papa Volti, nishikiye kidogo."

Adabu yake ilimponza. Alinyoosha mikono, nikamvisha sufu viganjani, nikaanza kukunja polepole, polepole kabisa. Sufu ya mama haiachiwi ianguke chini. Wasichana walitutazama, wakatazamana, wakatazama meza. Hapakuwa na mtu katikati.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Waliunguza moteri moja. Roboti ilirudi nyuma kila ilipoambiwa iende mbele. Riziki alichoma nywele zake za mbele kwa ile feri ndogo, chumba kikanuka kama kichinjio. Papa Volti kila akinusa kitu kinaungua, anavuta kuelekea mezani, nami navuta sufu. "Mama Couture, unaniua," alikuwa ananong'ona. Nilikubaliana naye ajibu akiulizwa tu. Siku za mwanzo hawakumuuliza, kwa haya. Baadaye Riziki akaanza kumuuliza maswali kumi bila kungoja jibu la kwanza, na Solange moja tu, lile lililohitajika. Nilikunja sufu nyingi msimu ule hata timu nzima ikapata masweta ya kahawia, na Papa Volti akapata la kwake. Alilivaa kwa uchungu.

Kazi ya mashindano ya mwaka ule ilikuwa kuinua chupa ndogo za maji na kuzipandisha kilima cha ubao, kama bidoni za maziwa, madumu yetu, zinavyopanda kwetu. Mkono wa roboti ulivutwa kwa uzi, na uzi uliteleza. Solange akasema unahitajika mkanda wa kitambaa. Hapo wote walinigeukia, nami nikajaa kifua kama jogoo. Nilikata kitenge, nikakikunja mara mbili, nikaushona mkanda kwa cherehani, na wasichana wakanishikia kitambaa. Mshono ulinyooka hata Mama Veronika angetabasamu. Niliona sasa nami nina jambo langu katika sayansi.

Barabara ilikuwa wazi juma lile, tukaondoka. Solange alipakata roboti kutoka Masisi mpaka Sake bila kuiachia hata gari lilipozama kwenye tope na sote tukashuka kusukuma. Yeye alishuka nayo. Pale Sake, kwenye njia panda ya soko, mama mmoja aliyeuza mikate alichungulia mapajani mwake.

"Hii iko mashini ya kusaga?"

"Apana, Mama," Riziki akamjibu. "Iko roboti. Inabebaka maziwa."

"Na wanaume batabeba nini?"

Riziki, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikosa neno.

Goma tulikuta ukumbi umejaa watoto wa shule za mjini wenye fulana za rangi moja. Sisi tulikuwa na masweta, na Goma kulikuwa na joto. Walimu tulisimama nyuma ya kamba, na mimi sikutaka kubahatisha: nilimvisha Papa Volti sufu mikononi mbele ya watu wote. Walimu wa shule nyingine walitutazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ana ugonjwa.

Kabla ya zamu yetu waliita timu kwenye meza ya maandalizi, mahali ambapo walimu wanaruhusiwa kusogea. Solange akawasha. Magurudumu sawa. Moteri sawa. Mkono ukaanza kupanda, kukasikika sauti ya kitambaa kikichanika, mkono ukaanguka. Ule mkanda wangu wenye mshono mzuri ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa chuma njia nzima kutoka Masisi, na sasa umeachia pale pale kwenye mshono.

Papa Volti, kwa mara moja, hakutikisika. Nyaya zilikuwa salama. Mimi ndiye niliyeruka. Niliacha mpira wa sufu ukabiringika chini ya viti vya watu, nikachomoa sindano niliyoichomeka kwenye ukosi wa nguo tangu asubuhi, nikanyoosha mkono bila hata kumtazama mtu.

"Lete. Nishikiye kidogo."

Solange hakuleta. Alikuwa ameushika ule mkanda kifuani.

"Apana, Mama Prof. Weye njo ushike."

"Solange, hii iko mushono. Hii iko kazi yangu."

"Njo maana." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeniambia saa. "Hata mu couture unatuambiaka vile. Ile gauni yangu ya exposition, weye njo uliishona. Mi nilishika."

Nilimtazama Riziki anitetee. Riziki alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Nilimtazama Papa Volti. Alikuwa amesimama na sufu mikononi, uso umeelekea juu, anaikagua dari kwa makini kama mtu anayetafuta balbu iliyoungua.

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Nilimkunjia mtu sufu muhula mzima ili asiguse waya, nami mwenyewe nilikuwa na miaka yote ya Ntoto na Masisi nikishona magauni ya watoto wa watu, na wao wamesimama pembeni wakishika pindo. Wale wazazi waliokosa kuona kosa la mshono walikuwa wanakagua mikono yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikasirika pia, sifichi, maana aibu ikimwingia mtu mzima huja na hasira yake. Lakini watu walikuwa wanaita jina la shule yetu, na nyuma ya yule mtoto nilimwona baba yake kwenye kigoda, anakama, anangoja jibu.

Nikampa sindano. Nikaushika mkanda ncha mbili, nikauvuta unyooke.

Jamani, alivyoshona. Hatua moja ndefu, moja fupi, moja imekwenda Sake na nyingine Walikale. Kila sindano ilipoingia nilijiuma ulimi. Aliutia uzi mara mbili, akaukunja mkanda sehemu iliyosuguliwa ili ukingo wa chuma usiufikie tena, jambo ambalo mimi sikulifikiria kwa sababu nilikuwa nafikiria mshono. Akafunga fundo la ovyo, akakata uzi kwa meno. Akaurudisha mkanda mahali pake, akaondoka na roboti.

Hatukushinda, msinisifu bure. Shule moja ya mjini ilipandisha chupa zote kabla sisi hatujafika nusu. Lakini roboti yetu ilipanda. Chupa ya pili ilipoanguka, roboti ikasimama, hakuna aliyegeuka kututazama nyuma ya kamba. Solange alipiga magoti, akachomoa waya, akauchomeka pengine, akabonyeza, ikaendelea. Majaji wakauliza nani aliunganisha nyaya. Riziki akajibu ni yeye, akaeleza mpaka wakamwomba apumzike. Wakauliza ni nani alishona huu mkanda.

"Mimi," Solange akasema.

"Mbona mshono umepinda?"

"Umepinda, lakini unabeba."

Mama mmoja wa mradi alikuja kunishika mikono yote miwili, akawaambia waliokuwa karibu: mnaona, wasichana wakipata mlezi mwanamke wanajiamini. Akataka kujua siri yangu. Nilitamani kumwambia kwamba nimekuwa mwanamke maisha yangu yote na bado ilibidi mtoto aninyang'anye kazi kutoka mkononi. Nikasema asante. Papa Volti, aliyekuwa anaokota sufu yake chini ya viti, alikohoa.

Nilimrudisha Solange mwenyewe mpaka kwao. Papa Solange alikuwa pale pale, kigoda kile kile, na ndama amefungwa mtini akilia. Hakutusalimu kwa maneno mengi.

"Solange. Ulifanya nini kule?"

Mimi nilisali sala zote ninazozijua na nyingine za Sista. Kisha mtoto akasema:

"Nilikama, Papa."

Mikono ya yule mzee ilisimama. Maziwa yakaacha kulia ndani ya chombo. Alimtazama binti yake, akatazama lile sweta la kahawia lenye alama ya kuungua kwenye mkono, akatazama vidole vyake vilivyochomwa na sindano. Hakutabasamu. Akageuka kwangu.

"Sasa ndama atashikwa na nani?"

Nilidhani ni swali tu. Aliendelea kunitazama. Solange naye akanitazama. Basi mimi, mwalimu wa siku nyingi, nimevaa viatu vya mjini, nikafungua kamba mtini, nikamshika ndama. Alinivuta mpaka kwenye samadi, nikaanguka kwa goti moja, sikumwachia. Solange alicheka mpaka akakaa chini. Papa Solange akamaliza kukama bila haraka yoyote, akainuka, akamwambia mke wake aliyesimama mlangoni, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana: "Muhula ikianza, ataenda Goma asome ile umeme." Na kwangu akasema ndama hashikwi hivyo, anashikwa karibu na shingo.

Chumba changu Mama Prefe alikigawa. Cherehani zilirudi upande wa madirisha, roboti zikabaki upande wa soketi. Nilifundisha miaka iliyobaki nikiwa na sufu mikononi mwangu mwenyewe, nikimwomba mwanafunzi mmoja aikunje wakati wengine wanashona. Maonyesho ya nguo yalipungua uzuri sana. Wazazi walinong'ona kwamba Mama Couture amezeeka. Mkiniuliza ninyi mlezi gani anafaa, mwanamume au mwanamke, nitawauliza kwanza mikono yake iko wapi.

Kuhusu blauzi. Wasichana wa mwaka wa mwisho waliishona peke yao wakanipa siku ya kuagana. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, na ukosi unaangalia Sake wakati mimi naangalia mbele. Ninaivaa kila Jumapili. Sijagusa hata uzi mmoja, ingawa kuna siku sindano iko mezani na mimi naondoka nyumbani kwa nguvu. Juma lililopita, baada ya misa, mama mmoja alinizunguka mara mbili akiniangalia, mimi fundi wa Masisi nzima.

"Mama Couture, hii ulishona weye?"

"Apana," nikamjibu. "Mi nilishika."